Sufuria za Mwisho wa Mwaka

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini u mzima, na kwamba lile jiko la kambi unalopikia wachimbaji halijakumaliza mgongo. Huku tu wazima wa mwili, na hilo naliandika mapema ili usianze kuruka mistari ukitafuta habari ya msiba. Hakuna aliyekufa. Kaka yako yupo, anashona kama kawaida na kuchelewesha nguo za watu kama kawaida. Pacha wetu wamekua, nyumba haikaliki. Mama naye yupo, ana nguvu, na jana tu amenigombeza kwamba nakata vitunguu kama anayepasua kuni.

Lakini wifi, siku ya mwisho wa mwaka limetupata jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka mwili unanisisimka. Nimeanza barua hii mara kadhaa na kuichana. Najua ujumbe wako wa mwisho ulisema Mama aambiwe umeelewa, hutamsumbua tena kwa simu, na nyumbani hutarudi. Niliusoma nikiwa kazini, nikashindwa kukujibu, kwa sababu hata mimi nilikuwa naona anavyokufanyia na sikuwa na la kumtetea. Leo ninalo. Nakuomba usome mpaka mwisho, hata ukiona naanzia mbali, maana bila ya watoto jambo lenyewe halieleweki.

Uliondoka pacha wakiwa bado wanatambaa. Majina niliyowapa kwa mapenzi yangu yote hayatumiki na mtu, kila mmoja ana la utani alilopewa na baba yake. Wa kwanza ni Cherehani, kwa sababu akianza kusema hasimami mpaka mtu aondoe mguu. Wa pili ni Kifungo, maana ukimpa vifungo vya shati na uzi anakaa navyo asubuhi nzima bila kumsumbua mtu. Mama aliposikia alisema ni jina gani hilo la jela, mtoto hajakosa kitu na tayari amefungwa. Lakini naye baadaye akalizoea.

Walipotimiza mwaka tulifanya sherehe ndogo sebuleni. Keki, mishumaa, majirani wawili watatu na watoto wao. Kaka yako alijaza maputo ukuta mzima, na moja likapasuka karibu kabisa na vichwa vya pacha. Cherehani alilia mpaka akakosa pumzi. Kifungo alimtazama dada yake anavyokunja uso, akaangua kicheko. Watu wakapiga makofi. Jirani akasema huyu ana moyo wa simba, atakuja kuwa askari, na mimi mama yao nikavimba kichwa. Nilieneza habari hiyo ofisini wiki nzima. Nadhani hata wewe nilikuandikia kwenye simu.

Kutembea alianza Cherehani. Alitoka kwenye mguu wa meza mpaka kwenye goti la bibi yake, akaanguka, akainuka, akaanza kuwa mtu wa kukimbizwa. Kifungo alifuata baada ya muda, lakini kwa namna yake: alishika gauni la dada yake kwa nyuma na kwenda popote linapokwenda. Tulicheka, tukasema amepata gari la bure. Kisha yakaja maneno. Neno la kwanza la Cherehani lilikuwa "maji," na kaka yako akanitania kwamba mtoto amerithi kazi ya mama yake. Unajua kazi yangu: nakaa ofisi ya maji na hedifoni kichwani, napokea malalamiko ya watu ambao bomba limekauka au bili imewapandia. Kutwa ninatukanwa na watu nisiowaona. Nikirudi nyumbani masikio yamechoka, sitaki hata redio.

Kifungo hakusema neno. Nilipouliza, kila mtu alikuwa na jibu. Pacha ndivyo walivyo, mmoja husema kwa niaba ya wote. Atasema akipenda. Baba yake mwenyewe alichelewa, na sasa tunatamani angechelewa zaidi. Nami nilitaka kuamini, basi nikaamini. Ukimwita Cherehani, wote wawili wanageuka. Ukigonga mlango, wote wawili wanautazama. Ningeshuku nini?

Sasa nije kwa Mama. Tulipomchukua baada ya mazishi ya Baba, nilikuwa na hofu, nakwambia ukweli. Mama mkwe ndani ya nyumba ya vyumba viwili, na mimi kutwa sipo. Lakini alinishangaza. Alishika watoto kwa mikono miwili. Walioga, walikula, walilala kwa saa zao. Alikuwa na taratibu zake, nami nilizichukulia kuwa ni za uzee na msiba. Alihamisha kiti chake kikaelekea mlango. Alitaka Cherehani akae mbele yake daima, hata akichambua mchicha. Televisheni aliitazama bila sauti, eti asiwaamshe watoto, hata watoto wakiwa macho wanapigana. Mazungumzo aliyaongoza yeye tangu mwanzo mpaka mwisho, anauliza swali na kulijibu mwenyewe, na ukijaribu kuchomeka neno anakwambia vijana wa siku hizi mnaongea ndani ya meno. Nilikuwa namwigiza kwa wenzangu kazini, tunacheka.

Na simu zako. Wifi, nilikuwa naumia. Ukipiga, nampelekea Mama, naye anaitazama ile simu kisha anatikisa mkono, anasema nikwambie yuko salama, anaingia jikoni. Mara nyingine anasema mikono ina unga. Siku moja nilimwekea sikioni kwa nguvu, akaishika kidogo, akasema "haya, haya," akanirudishia, nawe ulikuwa bado katikati ya sentensi. Nilisikia ulivyonyamaza. Kaka yako akasema tumwache, bado ana kinyongo kwamba uliondoka kaburi la Baba halijakauka, na kwamba mlitupiana maneno mlangoni. Mimi nikasema kinyongo gani cha mwaka mzima. Nilimkasirikia Mama kimoyomoyo, na chai yake niliipeleka bila kutabasamu.

Wiki moja kabla ya sikukuu kaka yako alimchukua Cherehani dukani kwake ampime gauni. Mimi nikatoka kazini mapema, nimesahau ufunguo. Nikagonga. Nikaita. Nikagonga mpaka kiganja kikaniuma, jirani akatoa kichwa dirishani kuniuliza kama nimefukuzwa. Nikawaza moto, nikawaza ameanguka. Nikazunguka kwenye dirisha la nyuma, na unajua nilichoona? Mama na Kifungo wameketi sakafuni wanatazamana, vifungo vimetapakaa katikati yao, wametulia tuli. Kivuli changu kilipoangukia sakafu, wakainua vichwa wote kwa pamoja. Mama alinifungulia kwa maneno makali, kwa nini nanyatia madirishani kama mwizi wakati mlango upo. Nilijiambia alikuwa amezama kwenye mchezo. Nilijiambia mengi siku ile.

Basi ikafika siku ya mwisho wa mwaka. Unakumbuka desturi ya Baba, hakuna haja ya kukueleza, lakini acha niieleze kwa kuwa mimi nilikuwa siijui vizuri, na nataka uione kama nilivyoiona. Kaka yako alinisimulia kwamba Baba, kwa ufundi bati wake, hakutaka mwaka mpya uikute nyumba na sufuria mbovu. Chakula kikishaiva, sufuria zote zinatolewa barazani, kila mtu anagonga yake kwa mwiko, na Mama amekaa amezipa kisogo, anahukumu kwa kusikiliza tu. Sufuria nzima inalia, yenye ufa inakwaruza. Mama akisema "nzima" inarudi ndani, akisema "mbovu" Baba anaichukua kuiziba kabla jua halijazama. Kaka yako alisema hamkuwahi kumkamata Mama amekosea, hata mlipomchanganyia makusudi. Mwaka uliopita tulikuwa na msiba, hazikugongwa. Mwaka huu kaka yako akasema tuirudishe, watoto waijue ya babu yao.

Mama hakutaka. Alisema ni upuuzi, bila mzee hakuna raha. Kaka yako akambembeleza, akamwekea kiti barazani, akakigeuza kielekee ukuta kama zamani. Mama akakaa. Alitaka Cherehani akae naye, lakini Cherehani alikwisha kunyakua mfuniko na kijiko, nani angemtoa? Kifungo ndiye aliyekwenda kukaa miguuni kwa bibi yake na kikopo chake cha vifungo. Basi picha ilikuwa hiyo: Mama na Kifungo wametupa migongo, sisi watatu nyuma yao na sufuria.

Tukaanza. Kaka yako aligonga ile kubwa ya kupikia wageni, ikalia mpaka mbwa wa jirani akabweka. Akangoja hukumu. Kimya. Nikagonga ya maziwa. Kimya. Kaka yako akadhani Mama anatutania, akacheka, akagonga mbili kwa pamoja, na Cherehani naye kwa furaha akaupiga ule mfuniko kama anayefukuza ndege shambani. Mimi masikio yaliniziba. Majirani walitoka. Ile migongo miwili haikutikisika. Kifungo alikuwa anaingiza uzi kwenye tundu la kifungo, shingo imelala upande kwa umakini, na mkono wake mdogo haukutetemeka hata kidogo.

Tukasimama. Kaka yako alikuwa bado anatabasamu, mwiko uko juu. Ndipo Mama, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusubiri, akasema:

"Haya, anzeni basi. Chakula kinapoa."

Wifi, mimi nimesikia mengi kwenye hedifoni zile, lakini sentensi kama hiyo sijawahi kuisikia. Kaka yako aliinamisha mwiko polepole. Tulitazamana, na nikaona kwamba yeye anamfikiria mama yake, ilhali mimi macho yangu yamekwama kwenye kisogo kidogo kilichokuwa chini ya kiti. Nilichukua mfuniko kutoka kwa Cherehani. Nikasogea mpaka nyuma ya Kifungo kabisa, nikauinua hewani juu ya kichwa cha mwanangu na kuugonga kwa mwiko kwa nguvu zangu zote. Akaendelea na uzi wake. Nikaugonga tena. Cherehani akaanza kulia. Kifungo alimaliza kifungo kile, akachukua kingine. Maputo, moyo wa simba, makofi ya majirani, yote yalinirudia kwa mpigo mmoja. Mfuniko ulinitoka mkononi ukaanguka mbele yake, ndipo akauona, akaruka, akanitazama akicheka.

Mama aliuona naye. Akageuka. Alitutazama usoni mmoja mmoja, akazitazama sufuria zilivyokaa, na akajua. Sijui nikuelezee vipi uso wake. Kwanza alijaribu kukasirika, akashindwa. Kisha akamwinua Kifungo akamweka mapajani, akamkumbatia kama kuna mtu anakuja kumchukua.

Hatukula siku ile. Tulikaa palepale barazani, na Mama akasema yote, safari hii bila kujiuliza maswali mwenyewe. Alisema masikio yalianza kumtoroka miaka mingi iliyopita, nyundo na bati kutwa, na yeye kando ya Baba akishika koleo. Baba alijua. Miaka ya mwisho ya zile sufuria, Baba alikuwa anasimama ubavuni pake, akimgusa bega mara moja sufuria ikiwa nzima, mara mbili ikiwa mbovu. Ndiyo maana hamkuwahi kumkamata. Baba ndiye aliyekuwa masikio yake, na alipokufa, Mama akaja kwetu bila masikio na bila wa kumwambia. Kisha akagundua kwamba Cherehani, mtoto wa mwaka mmoja, anageuka mlango ukigongwa. Akamweka mbele yake. Mtoto akitazama mlango, bibi anasimama. Mtoto akitazama dirisha, bibi anajua kuna muuzaji anapita. Na siku moja, akiwa anamtazama Cherehani hivyo, akaona kuna mwingine pale ndani anayemtazama Cherehani kwa macho yaleyale.

Alijua kabla yetu sote, wifi. Miezi. Nilimuuliza kwa nini hakusema, nami nilipandisha sauti, jambo ambalo halikusaidia kitu, ikanibidi kusogea mbele yake na kurudia taratibu. Alisema kila asubuhi alipanga kusema. Lakini nani angemwachia pacha mwanamke asiyesikia mtoto akilia? Tungeleta msichana wa kazi, na yeye angebaki kuwa wa kupelekewa chai. Na tukimpeleka Kifungo kwa daktari, swali la kwanza lingekuwa umejuaje. Nilimkasirikia, sikufichi. Niliwaza moto, niliwaza maji ya moto, niliwaza Kifungo kapoteza miezi. Nilitoka nikaenda kulia nyuma ya nyumba. Niliporudi nilimkuta kaka yako amepiga magoti mbele ya mama yake, wameshikana mikono.

Na hapo nikamuuliza habari yako. Nilimuuliza uso kwa uso, neno moja moja, kwa nini hapokei simu za mtoto wake. Alinitazama kama ninayeuliza kitu kinachojulikana.

"Nikiishika ile simu," akasema, "ni kama nimeshika kipande cha sabuni. Najua mwanangu yumo humo ndani, na simsikii."

Akasema neno lako la mwisho alilolisikia ni lile la mlangoni, ulipomwambia basi akae na hasira zake. Alilisikia kwa sababu ulipiga kelele. Mengine yote uliyosema kabla yake, pengine mazuri, hakuyapata. Alipendelea udhani ana kiburi kuliko ujue amechakaa. Ndivyo alivyosema, amechakaa, kama sufuria.

Tumekwenda hospitali, wote wawili kwa siku moja. Daktari wa masikio alimpima Kifungo kwa mitambo yake akathibitisha, akasema huenda alizaliwa hivyo, na kwamba dada yake amemfunika vizuri mno. Kuna mashine ya kusikia atakayojaribishwa, kuna darasa la lugha ya ishara ambalo sote tutaanza. Mama naye alipimwa, akalalamika kwamba yule daktari anaongea ndani ya meno. Nimeomba likizo, na jirani anakuja mchana. Mama hajaondolewa kwa watoto. Kiti chake kiko palepale, kinaelekea mlango.

Lakini la hospitali lililonifanya nichukue kalamu si hilo. Daktari aliniuliza kama mtoto ana neno lolote. Nikasema hana. Mama, aliyekuwa anamtazama mdomoni, akasema anayo mengi. Akamgeuza Kifungo wakatazamana, akaanza kumuuliza kwa mikono, na Kifungo akajibu. Maji, mkono kwenye koo. Dada, vidole vinavyokwenda mbio kama sindano ya cherehani. Mimi, wifi, ni viganja viwili masikioni, kwa sababu ya hedifoni. Nilikuwa na jina kwa mwanangu na sikulijua. Kisha Kifungo akaweka kidole juu ya nyusi ya kushoto, akamtazama bibi yake akingoja sifa, na Mama akafuta macho.

Ishara ile nilikuwa nimeiona mara nyingi. Kila asubuhi Mama humbeba Kifungo mpaka kwenye picha zilizo ukutani, na wote wawili wanagusa nyusi. Nilidhani wanajikuna. Wifi, hiyo nyusi ni yako. Ni pale bati la Baba lilipokukata ulipokuwa mdogo. Siku zote ulizodhani amekufuta, Mama alikuwa anakutaja kila asubuhi, kwa mtoto pekee katika nyumba hii aliyeweza kumwelewa.

Sasa usipige simu. Njoo. Simama mbele yake mahali penye mwanga na useme taratibu, hata ukisema upuuzi. Na kama kambi haikuachii, andika, kwa herufi kubwa, maana macho yake bado ni mazima na barua hatampa mtu. Hii ameisoma kabla sijaifunga. Amesema nimetia chumvi kwenye habari ya vitunguu, na kwamba yeye si kiziwi, watu ndio wanaongea chini. La kinyongo hakuligusa.

Kaka yako anakusalimu sana. Cherehani anakusalimu kwa maneno mengi ambayo karatasi haitoshi. Salamu ya Kifungo sina namna ya kuiandika, basi ipokee hivi: weka kidole chako juu ya nyusi ya kushoto, kaa hivyo kidogo. Anasubiri, na bibi yake anasubiri pamoja naye.

Ni mimi wifi yako akupendaye,

Mama Pacha